Kihenge Ulichokibandika, Kristofa

Mwanga wa saa nne hapa Bariadi haupigi hodi. Unaingia na vumbi lake, unakaa juu ya kila kitu. Ndiyo maana nilinunua boksi la taa la kukunja: kuta nyeupe, taa mbili za kuchaji, tundu la kupitishia jicho la simu. Ndani yake boma la mama yangu la kule Sola, nililolifinyanga likaenea kwenye sinia, lilisimama bila kivuli.

Wewe ndiye uliyenishikia taa, Kristofa. Ukasema, mpenzi, niachie modeli na boksi, nikupigie picha nzuri. Nikakuachia. Ukaipeleka modeli na picha zake kwa kamati ya ukumbi mpya wa utamaduni, na chini ukaandika jina lako.

Nimekusamehe? Thubutu!

Kazi ya ukumbi ule niliingoja miaka sita: kufinyanga maboma ya Simiyu yote, wajukuu waone bibi zao walivyoishi. Nililia siku mbili. Ya tatu nikakanda udongo, nikajenga upya nyumba, ng'ombe, kihenge cha kuwekea mtama. Nikakunjua boksi langu, nikapiga picha kihenge kimefunikwa, nikapiga kimefunuliwa, ulezi umejaa ndani, punje zake ndogo zikiwa ndiyo mtama. Nikaiomba kamati na mimi niitwe.

Maana picha zako nilikuwa nimeziona. Taa zangu hazifichi kitu: gundi inameta ukingoni mwa kihenge. Paa lake lilikuwa linakudondokea, eti? Nawe, mgeni wa watu, ukalibandika. Nikanyamaza, tena kwa raha zangu.

Jana Mama Milembe, mwenyekiti, alitusalimia, "Mwangaluka," akanyoosha mkono kwenye modeli yako kama anavyofanya kwake kila siku apikapo ugali. Akataka kuinua paa la kihenge. Halikuinuka. Akavuta, likang'oka na ukuta.

"Sasa baba," akakuuliza, "kwenye hiki mtama unautoaje?"

Mimi nilikutazama wewe, macho makavu. Kisha nikaweka picha zangu mezani, juu kabisa ile ya kihenge kilichofunuliwa.

Kazi wamenipa. Nimekusamehe? Thubutu!

Walitaka kuitupa modeli iliyovunjika. Nikawaomba wasiitupe, iwekwe pale mlangoni, kila anayeingia aanze nayo. Nimeipiga picha mwenyewe, taa zote mbili, na jina lako nimeliacha palepale.