Mgeni wa Mlangoni

Profesa wa Kizungu alipopanda Vudee, juu milimani Upare, na lile koleo lake la kupimia vichwa, watu walidhani ni fundi kofia. Walijipanga bila kusukumwa. Wazee wakavua kofia zao chakavu kwa furaha wakijua mpya zinakuja, akina mama wakafungua vitambaa, na kila mmoja akashikwa paji na kisogo kama papai la sokoni. Mzungu anataja namba, Isihaka, karani wa boma, anaandika. Jioni Mzee Kaanaeli akamvuta Isihaka pembeni.

"Bwana Karani, hizo kofia zinakuja lini?"

"Kofia gani, mzee? Huyu katoka chuo kikuu huko Ulaya. Anatafuta akili ya mtu mweusi ni kiasi gani."

"Sasa si angetuuliza tu?"

Isihaka akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu wa Kisiwani, huko chini tambarare, na utani na watu wa mlimani ulikuwa ndio chai yake. "Akuulize wewe? Mpare akiulizwa ana akili kiasi gani, si anafungua kesi!"

Kaanaeli naye akacheka. Siku zile alikuwa anacheka kwa chochote. Mwanawe Eliamini alikuwa ameongoza mtihani wa shule ya ualimu, na Bwana Shauri, yule mkuu wa boma la Same, alishamwambia kwa mdomo wake mwenyewe: nafasi ya kwenda kusomea udaktari Uganda ni yako, wakubwa wakikubali. Vudee nzima hakuna aliyewahi kufika huko. Mama yake, Yudith, alishaanza kumwita daktari hata anapomtuma.

"Daktari, hizo kuni zitajileta zenyewe?"

Basi, mambo yangeishia kwenye koleo, ingekuwa heri. Lakini Profesa akasikia habari za mpungi.

Wapare wa zamani, mtu akifa walimzika, kisha baada ya muda kichwa chake kikatolewa kaburini, kikawekwa kwenye chungu ndani ya mpungi, yaani msitu wa ukoo ambao haukatwi hata ufito. Mlinzi wa mpungi wa ukoo wao alikuwa Kaanaeli. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, kanisani anaimba besi mpaka madirisha yanatikisika. Ila dengelua, ile pombe ya miwa, ikiiva nyumbani kwake, alitangulia kuwapelekea wazee wake kidogo. "Mungu ni mkubwa," alisema, "lakini baba ni baba."

Profesa akataka kichwa kimoja. Cha mwanamume mzima, Mpare halisi, akakipime vizuri chuoni. Bwana Shauri akatuma neno kwamba mzee amsaidie mgeni wa serikali, na neno la Bwana Shauri lilikuwa amri iliyovaa viatu laini.

Kaanaeli hakula siku hiyo. Yudith akamwekea makande, yakapoa, akayaondoa.

"Ukikataa?" akauliza.

"Nafasi ya mtoto iko mkononi mwa Bwana Shauri."

"Ukikubali?"

"Nimtoe baba yangu apande gari moshi? Aende kukaa na nani huko? Nani atamtilia pombe?"

Alfajiri akaingia mpungini peke yake. Profesa na Isihaka walibaki nje, maana asiye wa ukoo haingii. Ndani vyungu vya wazee vilikaa kwa kufuatana, wakubwa ndani zaidi. Na mlangoni kabisa, chini ya jiwe, palikuwa na chungu kimoja cha pembeni. Hicho kilikuwa cha mgeni.

Huyo mgeni alikuwa askari wa Kijerumani. Wakati wa vita, wenzake wakiwakimbia Waingereza, yeye akaishiwa nguvu akafia shambani kwa baba yake Kaanaeli. Wakamzika. Mwaka uliofuata mvua ikagoma, mganga akasema, kuna mtu kwenye ardhi yenu ana upweke. Basi wakakitoa kichwa chake, wakampa chungu, na tangu hapo wazee wakipewa pombe na yeye anapata. Waliamua akae mlangoni kwa sababu hana lugha. Angeongea nini na wazee kule ndani?

Kaanaeli akachutama mbele yake.

"Mjerumani, umekaa kwetu vizuri, hatujawahi kugombana. Mzungu mwenzako amekuja, anakwenda kwenu. Panda naye. Baba atabaki, na wewe utafika nyumbani. Sioni nani ameumia hapo."

Akatoka na kile chungu kwenye kikapu. Profesa akakichukua kichwa, akakigeuza huku, akakigeuza kule, akatabasamu kama mtu aliyekiona kitu alichokuwa anakifikiria tangu kwao.

"Anauliza," Isihaka akasema, "huyu ni Mpare?"

"Amekunywa kwetu tangu vita. Eliamini naye kazaliwa wakati wa vita, na hakuna anayemuuliza."

Isihaka akamtazama mzee, akatazama kikapu, akamgeukia Mzungu. "Yesi, sa," akasema.

Zaidi ya mwaka ukapita. Eliamini alikuwa anafundisha watoto wa darasa la kwanza huku anasubiri, sanduku lake la mbao limeshapakwa rangi. Ndipo wakaitwa boma, yeye na baba yake. Walishuka mpaka Same na jua lake, Kaanaeli kavaa koti la kanisani.

"Shikamoo, Bwana," Eliamini akasema.

Bwana Shauri alikuwa anajua Kiswahili, kile cha kutoa amri. Akawaambia wakae. Wakajua ni habari mbaya, maana siku zote walisimama.

"Chuo kikuu kimegundua jambo kubwa," akasema. "Profesa amekijaza kile kichwa punje za risasi, akazimwaga, akazipima. Nafasi ya ubongo ni ndogo sana. Watu wa milima hii wana mikono mizuri. Wana tabia nzuri. Lakini masomo ya juu yatawaumiza. Ni kama kumimina debe kwenye kikombe. Wakubwa wamesoma, wamekubali. Eliamini hatakwenda Uganda."

Eliamini akatazama mikono yake mizuri.

"Bwana," akasema taratibu, "mimi niliongoza mtihani."

"Ndiyo. Wameandika hiyo pia. Wanasema mtoto anaweza kuwahi halafu akasimama."

Kaanaeli akainuka. Isihaka, aliyekuwa amekaa mezani kwake pembeni, akaanza kumkonyeza akae. Mzee hakumtazama.

"Bwana Shauri, kichwa kile si cha Mpare. Ni cha Mjerumani. Alifia kwetu, tukamtunza. Nilimpa Profesa amrudishe kwao. Cha baba yangu bado kiko mpungini."

Isihaka akainamia karatasi zake kana kwamba amedondosha macho humo. Bwana Shauri uso ukamwiva, kisha ukarudi.

"Umefukua kaburi la Mzungu?"

"Tulimtoa upweke, Bwana."

"Sikiliza, mzee. Ukisema kweli, lazima nikufunge. Kwa hiyo nitasema unaongopa kwa ajili ya mtoto wako. Na najua unaongopa. Profesa alikipima mara nyingi. Kingekuwa cha Mzungu, kingekuwa kikubwa."

"Alikuwa Mzungu mdogo tu, Bwana. Buti zake hazikumwenea hata mdogo wangu. Nadhani alikuwa mpishi."

"Basi!" Bwana Shauri akapiga meza. Halafu akalainika, na hapo ndipo alipotisha zaidi. "Unasema kuna cha Mpare halisi? Cha baba yako? Kilete. Nitakipeleka chuoni. Wakiona kikubwa, watafikiri tena."

Walipanda mlima wakarudi Vudee. Siku ya pili Kaanaeli akaingia mpungini, akakaa muda mrefu, akatoka na kikapu kimefunikwa kanga mpya ya mkewe. Eliamini alikuwa anamngoja njiani, na Yudith nyuma yake.

"Umemwomba?" Yudith akauliza.

"Nimemwomba. Kanyamaza. Nimechukua kama amekubali."

"Baba Eliamini, wale wamepima kichwa cha Mzungu wakaona ujinga wa Mpare. Sasa wewe unafikiri wakimpima Mpare mwenyewe wataona nini?"

Kaanaeli akaiweka sawa ile kanga juu ya kikapu.

"Ila wewe ungekuwa daktari," akamwambia mwanawe, kama mtu anayeomba radhi kwa mvua.

Eliamini akanyoosha mikono, akapokea kikapu. Hakushuka nacho. Akageuka akaanza kupanda kurudi mpungini, akitembea polepole kama mtu aliyembeba mgonjwa. Baba yake alimfuata, lakini kijana ndiye aliyemkalisha babu mahali pake na kumfunika.

Mwezi uliofuata boma likampa Eliamini kazi. Profesa mwingine alikuwa anakuja, wa chuo kilekile, na alihitaji kijana anayejua kusoma namba wa kumbebea sanduku la vipimo. Eliamini akaikubali. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na Yudith akaacha kumwita daktari, hata kwa utani, hata kwa kuni.

Dengelua ilipoiva, Isihaka alikuwa amepanda kuwasalimu. Baba na mwana wakaingia mpungini, naye akangoja nje. Kaanaeli akawamiminia wazee wote, kisha akasimama mlangoni, pale palipokuwa na chungu cha mgeni. Palibaki alama ya duara kwenye udongo. Kibuyu kilikuwa bado na pombe kidogo.

"Na huyu?" akauliza.

"Muache, baba," Eliamini akasema. "Huyo yuko chuo kikuu. Kutoka Vudee nzima, ndiye Mpare wa kwanza kufika."

Nje Isihaka alisikia, na mdomo wake ulishajiandaa kucheka kama kawaida yake. Kisha mzee akatoka, akampa kibuyu na ile pombe iliyobaki, na Isihaka akakipokea kwa mikono miwili akanywa.