Bamba Chini ya Kichipu

Kazini tunamwita Tambarare, kwa sababu hana raha mpaka mstari kwenye skrini ulale tambarare. Nyumbani namwita baba, maana ndiye aliyemzaa mume wangu. Kufanya kazi maabara moja na baba mkwe ni mtihani. Hata kupiga miayo lazima ujiulize mara mbili.

Kazi yetu ni kupima ukinzani wa umeme. Tuna kichipu kidogo kuliko ukucha. Ukikitia kwenye baridi kali, katikati ya sumaku kubwa, ukinzani wake unatulia kwenye thamani moja iliyopangwa na maumbile yenyewe. Kwa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja, chetu kilitoa thamani hiyo bila kuyumba. Tulipotumia mkondo geu, ule unaokwenda na kurudi, thamani ikaanza kupanda. Kadiri mkondo ulivyogeuka haraka, ndivyo ilivyozidi kupanda, na mstari kwenye skrini ukainuka nayo.

Kitako kinachoshikilia kichipu alikitengeneza Tambarare mwenyewe, kila waya kaulehemu kwa mkono. Na mikono yake siku hizi inatetemeka. Nyumbani sote tunajifanya hatuoni anavyoshika kikombe kwa mikono miwili. Miwani ya mama mkwe imekatika mguu, imelala kabatini, na yeye, fundi wetu wa nyumbani, analipita kabati kama hakuna kitu.

Asubuhi ile alinisogezea kibweta chake cha vifaa: bisibisi ndogo ndogo, koleo, lenzi.

"Chukua, mwanangu. Lehemu zangu hazifai tena. Nimeshamwambia mkuu, kazi ya mikono basi."

Roho iliniuma, na hasira juu. Lehemu hazikuwa na kosa, nami nilikuwa natafuta tu namna ya kumwambia. Kosa lilikuwa bamba la shaba aliloliweka chini ya kichipu ili kukikinga, akaling'arisha, akatusimulia habari zake mezani mpaka wali ukapoa. Ili kuitetea mikono yake, ilibidi niishtaki akili yake. Na mkwe gani ana ubavu huo?

"Baba," nikasema, nikisahau kwamba tuko kazini, "lehemu mbovu ingeharibu hata mkondo mnyoofu. Mikono yako haina kosa."

"Kosa liko wapi, basi?"

"Kwenye bamba."

"Bamba langu?"

"Liko karibu mno na kichipu. Kila mkondo unapogeuka, umeme kidogo unavujia humo. Ukigeuka haraka, unavuja zaidi."

Alivua miwani yake, akaifuta polepole. Nikajiandaa kufokewa.

"Kwa hiyo nilikosea kufikiri?"

"Ndiyo, baba." Sauti yangu ilikuwa ya kuku mgonjwa.

"Kufikiri tu?"

"Kufikiri tu."

Alicheka mpaka mkuu wa maabara akachungulia mlangoni. "Kufikiri nimekosea maisha yangu yote! Muulize mama mkwe wako!"

Akakivuta kibweta kwake, akachagua bisibisi. Ncha yake ilicheza juu ya kichwa cha skrubu, ikakosa, ikakosa tena. Nilitia mikono mifukoni nisije nikamnyang'anya.

"Usinisimamie kama nguzo," alisema bila kuniangalia. "Nishikie kiwiko."

Nikamshika. Skrubu zikatoka, bamba likatoka, na hakuna waya hata mmoja uliokatika.

Kesho yake, kichipu kilipokuwa kimepoa vya kutosha, nilipandisha kasi ya kugeuka kwa mkondo kidogo kidogo. Mstari ulilala. Nilipandisha tena, ukabaki umelala, nami nikageuka nimwone anavyofurahi. Hakuwa anatazama skrini. Alikuwa ameiweka mikono yake mezani anaitazama inavyotetemeka.

"Mpigie mama yako simu," aliniambia. "Mwambie ile miwani aitoe kabatini. Nikifika nyumbani naitengeneza."