Namba za Ng'ambo

Rogath alifunga kwa mkono wake simu zote kumi na mbili za ofisi ile ya mbolea na mbegu, Moshi mjini, na sheria zake akaziandika mwenyewe. Simu za intaneti hizi, usipoziandikia sheria hazijui pa kwenda. Ya kwanza: namba inayoanza na sifuri sita au sifuri saba, ipite. Ya pili: namba ya tarakimu tatu ni ya humu ndani, iite mezani kwa mtu. Ya tatu: namba ya nje ya nchi, iwe inatoka au inaingia, izuiwe. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Matapeli walikuwa wanapiga kutwa kucha, umeshinda hiki, umeshinda kile. Akamketisha Rachel wa mapokezi, akamrekodi sauti: "Samahani, namba yako hairuhusiwi kupiga hapa." Bosi akafurahi, Rogath akavimba kichwa.

Ila simu aliyoingoja yeye haikuja.

Nisikufiche, kosa lilikuwa lake, na halina utetezi. Krismasi iliyopita, kwao Tarakea, ukoo mzima umekaa unakunywa mbege, alimwambia baba yake, mzee Valerian, kwamba kahawa yake haina maana, aikate apate kuni. Mbele za watu! Kahawa iliyomsomesha! Mzee hakugomba. Aliweka kata ya mbege chini, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mwezi wa saba Rogath alishindwa. Alikuwa amechoka kurudi kwenye chumba chake cha kupanga na kula ugali akiutazama ukuta. Akatafuta jani la isale, akalifunga fundo kama inavyotakiwa mtu akimwomba mkubwa msamaha, akalizungushia karatasi yenye namba ya ofisi. Ya mkononi hakuiandika, na ile aliyokuwa nayo baba alikuwa ameshaibadilisha. Alitaka baba asikie Rachel akisema, "Subiri nikuunganishe na fundi Rogath." Ujinga mtupu, lakini ndivyo alivyo. Mzee Leodegar wa ukoo wao alikuwa anakwenda msibani huko, akalipeleka.

"Amelipokea," Leodegar alimwambia aliporudi. "Amesema atakupigia mwenyewe."

Kisha kimya. Aliyetuma isale hasukumi, anangoja. Na isale halikataliwi, hata ugomvi uwe wa damu. Wiki sita zilipopita, Rogath aliamini kwamba yeye ndiye Mchagga wa kwanza kukataliwa. Akaacha kwenda kunywa chai na wenzake. Ikilia simu yoyote pale ofisini alikuwa anaruka, kisha anakaa tena. Iliuma, jamani, isikie kwa mwenzio.

Jumatatu moja ya Septemba Rachel alimfuata. "Kaka, kuna mteja wa Loitokitok analalamika, kila akipiga anakataliwa."

Rogath akafungua orodha ya simu zilizozuiwa. Mteja alikuwamo, mara mbili. Juu yake na chini yake ilijaa namba nyingine ya Kenya, moja hiyo hiyo, mara thelathini na tatu. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa nne asubuhi.

Saa nne! Saa ambayo baba yake ameshakata majani ya ng'ombe na amekaa na kikombe cha chai. Mtoto wa Tarakea anasahauje kwamba kule mtandao unaokamata ni wa ng'ambo ya mpaka, na kwamba nusu ya watu wana laini ya Kenya? Matapeli walimkaa kichwani mpaka akamfungia mlango baba yake mzazi.

Aliifuta sheria ya tatu, akapiga.

"Nani?"

"Shikamoo baba. Ni Rogath."

Mzee hakuitikia.

"Yule binti wenu," alisema hatimaye, "kila siku ananiambia siruhusiwi. Nikasema hapana, mwanangu hawezi kumtuma mtu anijibu hivyo."

Rogath angeweza kuisingizia mitambo. Nani angejua?

"Ni mimi niliyemtuma, baba. Niliwafungia wezi, nikasahau kwamba nyumbani ni mpakani."

"Basi mimi nilichoka, isale lako nimelirudisha. Nimempa dereva wa basi la asubuhi hii akuletee."

Rogath alikaa chini. Wiki sita alikuwa amekililia kitu ambacho hakijatokea, na leo asubuhi ndipo kimetokea.

"Nakwenda stendi kulipokea," alisema. "Nitageuza na basi hilo hilo, nilirudishe kwa mkono wangu. Ukilikataa, unikatae nikiwa mbele yako."

"Kahawa imeiva," mzee alisema. "Nachuma peke yangu."

"Nakuja, baba."

"Marahaba," alisema mzee, na simu ikakatwa.