Kivuli Chumbani mwa Don Eleuterio

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na Nélida Cota aliteleza kwenye kivuli. Kazi yake pale mjini Culiacán ilikuwa kupamba picha za vyumba ambavyo bado havijajengwa. Kompyuta ikishatoa chumba kikavu, yeye hukitilia mwanga wa jua, hutandika zulia, hubandika watu. Don Eleuterio Zazueta, ambaye mji mzima ulijua alivyotajirika, alitaka abandikwe yeye mwenyewe chumbani mwake, kofia kichwani. Wiki iliyofuata akaghairi, akataka afutwe. Nélida akafuta tabaka la picha lenye mtu, akasahau tabaka lenye kivuli chake. Hakuna mhariri wa picha ambaye hajawahi kulifanya kosa hilo la kitoto.

Don alikuja ofisini mchana na mlinzi wake, Nazario. Alimtupia Baudelio, msanifu majengo wa ofisi hiyo, picha ile, akamuuliza kivuli kile ni cha nani. Baudelio akacheka kwa woga. Nazario akambamiza uso mezani, meno mawili yakaruka, kisha akaanza kumvunja vidole kimoja kimoja huku akitafuna karanga. Kidole cha tatu kilipolia, Nélida hakuweza kuvumilia tena.

"Ni mimi, Don. Nilisahau kukifuta. Nakifuta sasa hivi."

"We binti, kivuli changu kipo chumbani na mimi sipo. Hicho ni kifo, hakifutwi. Lazima kipewe mtu." Akamwekea bastola kisogoni. "Nitafutie mtu wa kukivaa. La sivyo utakivaa wewe."

Nazario akacheka. "Mbandike huyu mzee, si keshaharibika."

Nélida alimtazama Baudelio, mtu aliyemfundisha kazi, akitema damu. Hasira ikampanda hadi ikaushinda woga. Akainua simu, akampiga Nazario picha akiwa bado anacheka, akaiingiza kwenye kompyuta, akamkata, akambandika juu ya kivuli. Miguu ilikaa sawasawa.

Don aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, akalinganisha miguu na kivuli.

"Kweli, kimemkaa," alisema, akageuka na kumpiga Nazario risasi mbili za kifua. Damu ilimrukia Nélida hadi mdomoni.

Kabla ya kutoka, Don akasema picha za jikoni anazitaka Ijumaa. Nélida aliitikia. Alijua ameua mtu, na alijua angemuua tena. Akahifadhi picha.