Pazia Ndani ya Yai

Dada yangu Eufrasia alishika kipaza sauti kwenye sherehe ya mpwa wetu, ukumbi umejaa, akatangaza kwamba gauni nililovaa ni pazia la sebuleni kwangu. Ni kweli lilikuwa pazia. Nililishona kwa mkono wangu, na maua yake ya manjano anayajua kila aliyewahi kunywa kahawa nyumbani. Lakini jamani, kila ukweli husemwa mbele za watu? Tangu siku ile sikumsemesha. Naye, kwa kuwa kiburi tumekirithi kwa mama mmoja, hakunisemesha.

Likizo ya karnivali, zile siku za shangwe kabla ya Kwaresima, hata hivyo, hatukuacha. Kila mwaka ukoo mzima tunashuka milima ya Durango hadi Mazatlán, tunapanga nyumba ileile karibu na ufuko, na mimi na Eufrasia tunakaa meza moja tukizungumza kwa mdomo wa mume wangu.

"Fermín, mwambie mkeo anipe chumvi."

"Fermín, mwambie dada yangu mikono anayo."

"Mimi nimekuja kuogelea," Fermín hulalamika. "Sikuja kuwa simu ya mezani."

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Eufrasia alikuwa anahamia Tijuana kwa mwanawe, basi lake linaondoka Jumatano ya Majivu, karnivali ikiisha tu. Akienda tumenuniana hivihivi, ndiyo basi tena. Tijuana si kwa jirani, na sisi si wasichana. Iliniuma. Nikajiambia, Obdulia, kimeze hicho kiburi kabla hakijakumeza wewe.

Kwetu, siku za karnivali ukimpasulia mtu yai kichwani haruhusiwi kununa. Mayai yenyewe ni maganda tu: unayatoboa, unakaanga kilichomo, unayakausha na kuyapaka rangi, unajaza chengachenga za karatasi, tundu unaliziba kwa kijikaratasi. Ya watoto niliyafanya hivyo. La Eufrasia nililipaka buluu, kisha nikalitoa lile gauni kabatini, nikalikatakata vipande vya ukubwa wa ukucha, nikajaza humo. Akiyaona maua yale mabegani mwake ataelewa. Maneno sikuwa nayo.

Jumanne mchana tulikuwa mchangani chini ya mwavuli, tunakula kamba kwa ndimu na pilipili. Bendi ya matarumbeta ilikuwa imekodiwa na ukoo wa pembeni, nasi tukacheza bure bila haya. Watoto walipasuliana mayai mpaka mchanga ukawa wa rangi zote. Eufrasia alikuwa ametulia kitini, kofia kaiweka kando. Nikasema sasa hivi.

Nikalitoa yai langu kapuni. Lilikuwa zito. Nikadhani ni woga wangu tu.

Fermín aliponiona akaruka na mdomo umejaa. "Dulia, ngoja! Dulia, mama, hilo usi..."

"Kaa chini! Leo sitaki mkalimani."

Pwaa!

Kiini kikamshuka dada yangu usoni, kikapita juu ya miwani, kikaning'inia kidevuni.

"Bichi," akasema Eufrasia, taratibu.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa mwekundu kuliko wale kamba. "Lile lako nililikalia asubuhi, likapondeka," akasema. "Nikaogopa utanichinja. Nikapaka rangi yai jingine la jikoni, nikajua nitakwambia tu baadaye. Lakini vitambaa vyako nimevitunza, hivi hapa!" Akachota konzi nzima mfukoni, na kwa kuwa Mungu alimnyima akili ya haraka, akammwagia Eufrasia kichwani.

Vikamganda kila mahali. Nilitamani mchanga unimeze. Karnivali au si karnivali, yai bichi ni tusi, na nilijua nimempoteza dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Eufrasia akabandua kipande kimoja shavuni, akakisogeza karibu na macho, akakitazama weee.

"Obdulia."

"Abee, dada."

"Hili si lile pazia?"

"Ndilo."

"Umelikata lote?"

"Lote."

"Mwehu wewe!" akafoka. "Lilikupendeza! Mimi siku ile nilivaa gauni la dukani, ghali, na hakuna hata mbwa aliyenitazama. Ndiyo maana nilisema! Sasa umelikata la nini?"

Nilimkumbatia na yai lake. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena, mpaka nami nikanuka yai.

"Kwa hiyo mimi nimesamehewa?" Fermín akauliza.

"Nyamaza!" tukamjibu kwa pamoja.

Jioni mezani Eufrasia akaninyooshea mkono. "Mdogo wangu, chumvi." Nikampa.

Kesho yake tulimsindikiza stendi, majivu kwenye paji la uso, amevaa vizuri kama kawaida yake. Alipoinama kunibusu nikaona kipande cha ua la manjano kimeganda nyuma ya sikio lake. Watu walikuwa wengi pale. Nikanyamaza.