Pikapu ya Meneja Inavuta Hewa

Shirika la umma lilipotangaza kwamba mali zake zitapigwa mnada, Meneja Bagenda hakulia kama wenzake. Alimwita Mashimba, fundi wa gereji ya shirika, akafunga mlango wa ofisi.

"Ile pikapu nyeupe iharibu kidogo. Kidogo tu! Wanunuzi waisikie inakohoa, waondoke."

Mashimba aliiharibu. Siku ya mnada pikapu ilikohoa hadi watu wakacheka, na Bagenda akainunua kwa bei ya baiskeli, amekunja uso kwa huruma kama mtu anayechukua yatima. Wiki hiyohiyo akawaachisha kazi mafundi wote, Mashimba akitangulia. Kumuuliza ameharibu wapi, akasahau.

Basi Bagenda akawa mfanyabiashara. Mlangoni mwa pikapu aliandika "Bagenda na Wanawe wa Kiume", ingawa Mungu alimjalia mabinti tupu. Alibeba sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hadi kiwanda cha samaki Nyakato. Injini ikiwa baridi, gari lilikwenda vizuri. Ikishapata moto, mluzi ulianza chini ya boneti, injini ikapanda na kushuka yenyewe, na akikanyaga breki, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na gari linazima. Sangara wakaozea njiani.

Fundi mmoja wa Nyakato, Kashindye, alibadilisha plagi, akaosha kabureta, kisha akatamka kwamba ubaya ni petroli ya soko huria. Bagenda aliipenda sana sababu hiyo. Aliihutubia baa nzima.

"Baba Odeta," mkewe Justa alimwambia, "si umtafute aliyeliharibu?"

"Yule niliyemfukuza? Nikampigie magoti?"

"Basi endelea kupigia magoti breki."

Jumamosi, kwenye mteremko wa kuingia Mwaloni, injini ilizima, breki zikagoma, na pikapu ikaenda kulala juu ya dagaa wa mama mmoja aitwaye Dorotea. Hakuumia mtu. Dorotea alikuja mbio, akapanda juu ya boneti, akaketi.

"Halitoki hapa mpaka breki zishike. Mkimkosa fundi, nitalipika hilihili."

Watu wakacheka. Katikati yao akatokea Mashimba, ambaye siku hizo alitengeneza injini za mitumbwi palepale ufukweni.

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba, Mashimba mwanangu."

"Leo nimekuwa mwanao?"

Mashimba alimshusha Dorotea kwa adabu, akaliwasha gari, akachukua kipande cha mpira mwembamba. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine akaipitisha kuzunguka kabureta. Kimya. Akaipeleka kwenye mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, ile inayolainisha pedeli. Hapo akatabasamu. Aliubana mpira ule kwa koleo. Mluzi ukakatika, injini ikatulia.

"Inavuta hewa hapa," akasema. "Mpira umechanwa upande wa chini. Ukiwa baridi unajifunga, ukipata moto unafunguka. Kazi safi, si ya panya."

"Sasa funga mwingine!" Bagenda alihimiza.

"Ninao, na klipu zake. Kwanza waambie hawa nani aliuchana."

"Wewe!"

"Kwa amri ya nani?"

Bagenda alitazama ziwa, akatazama dagaa waliosagika, akamtazama Dorotea aliyekuwa anarudi kwenye boneti.

"Yangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Hatusikii!" wakapiga kelele wabeba samaki.

"Amri ilikuwa yangu!"

Mwaloni ikalipuka kwa kicheko. Mashimba aliuchomoa mpira mbovu, akafunga mwingine, akakaza klipu. Breki zikawa laini, zikashika. Dagaa walioharibika Bagenda aliwanunua wote, na kwa miezi kadhaa nyumbani kwake hawakula kitu kingine.

Akiogopa habari isije ikafika kiwandani, alimwajiri Mashimba awe dereva, ili amzibe mdomo. Mashimba alikubali vizuri tu. Kila walipopakia na kila waliposhusha, alianza upya hadithi ya mpira uliochanwa, na Meneja ameketi pembeni yake, kioo kimefunguliwa, akitabasamu kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine.