Kamba Iliyozungushwa Kinyume

Kile kichwa cha mashine kinachobana chuma kilianza kulegea mbele ya macho yangu, mzunguko baada ya mzunguko, na mimi nimesimama na kamba mkononi kama zuzu. Kikaanguka. Ndipo nikamsikia Awadhi.

Miaka minne imepita. Karakana yangu iko Hamugembe, na mashine yangu ya kukereza vyuma ilitaka umeme wa fezi tatu. Mtaani kwetu ilifika fezi moja tu. Mota ya namna hiyo ukiiwashia fezi moja inanguruma na kukaa palepale. Lakini ukizungusha kamba kwenye puli, lile gurudumu la mota, ukaivuta kwa nguvu na kuwasha hapohapo, inakimbia hadi uizime. Haichagui upande; inafuata ulikoivutia. Ukiivuta kinyume, mashine nzima inazunguka kinyume, na kile kichwa, ambacho hukazwa kama nati, kinafunguka.

Hayo niliyajua vizuri, ndiyo maana kamba sikumwachia mtu. Nilivuta mwenyewe, na Awadhi, niliyemfundisha kazi mpaka akawa mshirika wangu, alisimama upande wa kisu kinachokata chuma.

Siku hiyo Karugendo wa Muleba alikuwa ameleta shafti ya mashine yake ya kukoboa kahawa. Nikawa namwonyesha jinsi umeme unavyonitii, najigamba kama kawaida yangu. Nikazungusha kamba huku namtazama yeye. Kichwa kikafunguka, kikauangukia mkono wa kulia wa Awadhi, ukapondeka. Vidole vitatu havikuokolewa.

"Umeme ulicheza," niliwaambia watu, na wote wakaamini. Hata Awadhi hakunipinga. Alirudi kwao Muleba, mimi nikabaki na mashine na uongo wangu.

Moyo ulinisuta mpaka mwezi uliopita nikapanda basi kumfuata. Nilimkuta uani anageuza kahawa juani, mpini wa reki ameubana kwapani. Mkewe, Sada, aliniletea kiti na punje za kahawa ya kutafuna, kama tunavyokaribisha wageni, akatuacha.

"Awadhi, haukuwa umeme," nilisema. "Ni mimi. Kamba niliizungusha kinyume."

Hakuacha kugeuza kahawa. "Najua, Ta Ildefons," alisema, bado ananiita kwa heshima ya kwetu. "Niliiona."

"Uliiona lini?"

"Kabla hujavuta."

Hasira ilinipanda, mimi niliyekuja kuomba msamaha. "Sasa mbona hukusema? Neno moja tu!"

Aliegemeza reki ukutani. Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

"Waitu, mzee wangu, wiki ileile si ulinifokea mbele ya mteja? Nilisema kipimo umekosea. Ukaniambia nikikusahihisha tena mbele za watu, nitafute karakana nyingine." Alipangusa vumbi la kahawa kwenye nguo. "Mdomo niliufungua, fundi. Nikamwona Karugendo amekaa pale. Nikasema moyoni, labda utaona mwenyewe."

Nilitia punje ya kahawa mdomoni, nikaitafuna.

Nilikumbuka kila kitu. Nilikumbuka alivyoinamisha kichwa nilipomfokea, na mteja alivyocheka. Nilikumbuka pia kwamba alipokwenda kuswali adhuhuri, nilipima upya ile kazi nikiwa peke yangu, nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nikafuta kipimo changu kimyakimya, nikaandika chake.

Hilo sijamwambia mpaka leo.